Msaidizi Aliyeupa Uwanja Mgongo

Na Frateri wa mwaka wa tatu, Falsafa



Likizo iliyopita nilitumwa kufanya utume wa wiki sita katika kituo kimoja cha watoto na vijana wenye ulemavu, nje kidogo ya jiji la Dodoma, upande wa barabara iendayo Chamwino. Mimi ni mzaliwa wa huku huku nyanda za kati. Vumbi la mwezi Agosti, mibuyu isiyo na majani na ugali wa uwele kwa mlenda si vitu vigeni kwangu. Kilichokuwa kigeni ni mchezo nilioukuta pale, pamoja na kosa nililolifanya nikiwa ndani ya mchezo huo. Ninaliandika kosa hilo kwa sababu nadhani si langu peke yangu. Ni kosa la wengi wetu tunaopenda kusaidia.

Jumamosi moja, baada ya kazi za usafi, Sista mlezi alisogeza meza za bwalo ukutani, akachora mistari ya chaki sakafuni, kisha akaleta mfuko wenye mipira 13 iliyoshonwa kwa vitambaa na kujazwa mchanga: sita myekundu, sita ya bluu na mmoja mweupe. Mimi nilipangwa kumsaidia kijana wa miaka 17 mwenye mtindio wa ubongo. Mikono yake haimtii, shingo humvuta upande, na maneno humtoka kwa shida. Mama yake, ambaye siku hiyo alikuja kumtembelea, ndiye anayemwelewa upesi. Mbele ya kitimwendo chake tuliweka kipande cha bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, likawa mfano wa mfereji wenye mteremko. Kazi yangu ilikuwa kulisogeza bomba kushoto au kulia, juu au chini, kadiri alivyoniagiza kwa macho, na kumwekea mpira juu yake. Yeye ndiye aliyeuachia, kwa kijiti kilichofungwa kichwani pake. Sista aliniwekea sharti moja: nikae nikimtazama kijana, na uwanja niupe mgongo. Nisigeuke kamwe.

Mizunguko miwili ilikwenda vizuri. Katika mzunguko wa tatu matokeo yalikuwa sawa, na nikashikwa na hamu. Niliiba jicho. Nikaona kwamba bomba limeelekea kulia mno na mpira ungeupita ule mweupe. Nikalisogeza kwa upana wa vidole viwili. Mpira ukashuka, ukabingirika, ukasimama ubavuni mwa mpira mweupe. Bwalo zima likapiga makofi, na mimi nikapiga kuliko wote.

Kijana hakucheka. Alitamka neno ambalo sikulielewa. Mama yake, aliyekuwa amekaa mlangoni, akasema, "Frateri, anasema umesogeza."

Nikajibu, "Kidogo tu, mama. Nilikuwa namsaidia."

Akamsikiliza tena mwanawe, kisha akanigeukia. "Anasema, basi huo ni wa kwako. Cheza wewe."

Mchezo uliishia hapo. Jioni Sista alinieleza kile ambacho sikukiona. Kijana hakukosea kulenga. Kulia kulikuwa na mpira wa mpinzani uliofunga njia. Alitaka kuugonga utoke, kisha mipira yake miwili iliyobaki ipate nafasi. Yeye alikuwa amefikiria mipira mitatu, mimi niliona mmoja. Kumbe niliuharibu mpango wake, na juu ya hayo nilijishangilia.

Mchezo huo unaitwa bocha. Jina ni la Kiitaliano, huandikwa boccia, na maana yake ni mpira au tufe. Katika jimbo lililolelewa kwa miaka mingi na wamisionari Wapasionisti kutoka Italia, huenda wapo wazee waliowahi kulisikia. Lakini bocha ya leo si burudani ya wastaafu chini ya mti. Ni mchezo wa kimataifa wa watu wenye ulemavu mkubwa wa viungo, ulioingia katika Michezo ya Paralimpiki mwaka 1984. Ulikusudiwa kwanza kwa wenye mtindio wa ubongo, baadaye ukawapokea pia wenye hali nyingine zinazodhoofisha mikono na miguu yote, kama vile magonjwa ya misuli. Hauna mwenzake katika Olimpiki. Haukupunguzwa kutoka mchezo wa watu wengine.

Uwanja wake una urefu wa mita 12.5 na upana wa mita 6. Mpira mweupe hurushwa kwanza, kisha kila upande una mipira sita ya kuukaribia. Ambaye mpira wake uko mbali zaidi ndiye anayeendelea kucheza, mpaka aukaribie kuliko mwenzake au mipira yake iishe. Mwishoni mwa mzunguko mshindi hupata pointi moja kwa kila mpira wake ulio karibu kuliko mpira wa karibu kabisa wa mpinzani. Mechi ya mtu mmoja mmoja ina mizunguko minne. Mchezaji anaweza kurusha, kubingirisha au hata kupiga kwa mguu.

Wachezaji hupangwa katika madaraja kulingana na hali zao. Daraja la BC3 ni la wale wasioweza kurusha kwa nguvu za kutosha, na hao hutumia mteremko kama ule wetu wa bomba. Kila mmoja ana msaidizi, na kanuni za kimataifa zinasema kile kile alichosema Sista: msaidizi aupe uwanja mgongo na asitazame mchezo. Akigeuka, adhabu inamwangukia mchezaji wake. Nilipoisoma kanuni hiyo niliona haya upya, maana pale kituoni hakukuwa na mwamuzi wa kuniadhibu. Kijana alijitetea mwenyewe.

Katika Paralimpiki ya Paris, mwaka 2024, Jung Ho-won wa Korea Kusini alitwaa medali ya dhahabu katika daraja hilo la BC3, kama alivyofanya Rio mwaka 2016. Kwa medali yake, Korea Kusini ilifikisha michezo kumi mfululizo bila kukosa dhahabu ya bocha, tangu Seoul 1988. Nchi haifiki huko kwa huruma. Inafika kwa makocha, viwanja, mashindano ya ngazi ya chini na wazazi wasioficha watoto wao. Medali ya Jung Ho-won ilipatikana huku msaidizi akiwa haoni kinachoendelea nyuma yake. Dunia nzima iliutazama uwanja, isipokuwa mtu aliyekuwa karibu kuliko wote na mshindi.

Wapendwa wasomaji, hapa ndipo ninapotaka kusema neno langu. Nadhani msaidizi wa bocha anatufundisha huruma kuliko mahubiri mengi, kwa sababu sisi tumezoea kusaidia huku tukiutazama uwanja. Tunaona lengo, tunaamua njia, tunasogeza bomba, kisha tunapiga makofi.

Hebu tukumbuke tunavyofanya tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu. Tunawapanga mbele ya kanisa. Tunawapa unga, sukari na sabuni. Tunapiga picha. Mwenyekiti anasoma risala aliyoiandika yeye. Hakuna anayeuliza kama waliohitaji ni unga, au mteremko wa kuingilia sakristia, au nafasi ya kuimba kwaya, au mtu wa kuwapeleka kwenye mkutano wa jumuiya ili nao wachangie hoja. Sisemi unga ni mbaya; mwaka wa ukame hapa Dodoma, anayedharau unga hajalala njaa. Ninasema kwamba tunatoa bila kuuliza, na tunaita hiyo sadaka kamili.

Tunayo pia methali tunayoipenda sana: hujafa hujaumbika. Maana yake ni njema, kwamba tusimcheke mwenye ulemavu, kwani hatujui yatakayotupata kesho. Lakini tuisikilize kwa masikio ya yule kijana. Kila inaposemwa mbele yake, yeye anakuwa onyo kwa watu wengine. Tunamtazama yeye, tunajiogopea sisi. Mwanafalsafa Alasdair MacIntyre, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu utegemezi wa binadamu, alilalamika kwamba wanafalsafa wa maadili wakiwataja wagonjwa na wenye ulemavu, huwataja karibu kila mara kama watu wa kutendewa wema na wengine walio wazima. Nilipolisoma lalamiko hilo darasani nililikubali upesi nikaligeuza ukurasa. Nililielewa bwaloni.

Aristotle anafundisha kwamba tendo ni la hiari pale chanzo chake kinapokuwa ndani ya mtendaji mwenyewe, naye anajua analolitenda. Tazama basi: mpira wa kijana ulisukumwa na mteremko, bomba lilisogezwa na mikono yangu, lakini chanzo kilikuwa ndani yake. Aristotle anaongeza kwamba yale tunayoyaweza kwa njia ya marafiki tunayaweza sisi wenyewe kwa namna fulani, kwa kuwa chanzo kimo ndani yetu. Kwa hiyo kijana yule alikuwa mchezaji kamili, si nusu mchezaji. Mkono wa rafiki haukumpunguzia tendo lake. Kilichompunguzia ni rafiki aliyeamua badala yake. Vidole viwili tu vilitosha kuhamisha tendo kutoka kwake kuja kwangu, ndiyo maana alisema kwa haki kabisa kwamba mpira ule ni wangu.

Najua kuna pingamizi, na baadhi nimeyasikia kwa frateri wenzangu mezani. La kwanza linasema: watoto wengi vijijini hawana hata kitimwendo, wengine wanalazwa ndani mama anapokwenda shamba, mchezo wa nini? Hoja hii ina uzito. Lakini anayesema hivyo hawaambii vijana wa VIWAWA waache mpira wa miguu mpaka umaskini uishe. Mchezo tunauona ni haki ya wazima, na kwa wengine tunauona ni anasa. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliuliza kama inaweza kuwepo fadhila katika kucheza, akajibu kwamba ipo, kwa sababu roho nayo huchoka na inahitaji pumziko lake. Hakuwatenga watu wenye ulemavu na hitaji hilo. Nchi yetu pia haikuwatenga: mwaka 2009 iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao unataja wazi haki ya kushiriki michezo na burudani, na mwaka 2010 Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu.

Isitoshe, tumekwisha kuona matunda pale mtu anapopewa uwanja. Tembo Warriors, timu yetu ya taifa ya soka la watu wenye ulemavu wa viungo, ilicheza Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022 na kufika robo fainali. Wakati ule hata wale ambao hawajawahi kumpisha mtu wa magongo kwenye daladala walijivunia jezi ya Tanzania. Lakini mchezaji wa soka lile anakimbia kwa magongo yake. Yule wa kitimwendo, asiyeweza kushika kijiko, bado tunadhani uwanja haumhusu. Bocha imetengenezwa kwa ajili yake.

Pingamizi la pili ni la kiroho zaidi. Linasema kwamba Kanisa linafundisha thamani ya mateso, na kwamba mwenye ulemavu anashiriki msalaba wa Kristo kwa namna ya pekee; je, mashindano na medali havitamwondoa katika fumbo hilo? Ni kweli kwamba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliandika barua ya kitume juu ya maana ya mateso, Salvifici Doloris, mwezi Februari 1984, mwaka ule ule bocha ilipoingia Paralimpiki. Na sisi wa Dodoma, ambao kanisa kuu letu limewekwa chini ya Mtakatifu Paulo wa Msalaba, hatuna sababu ya kuuonea haya Msalaba. Ila tunakosea tunapodhani kwamba kila tunayemwona kwenye kitimwendo yuko katika mateso muda wote. Jumamosi ile kijana hakuwa akiteseka. Alikuwa akipanga kumshinda mwenzake. Mateso ya siku hiyo niliyaleta mimi.

Kuna pingamizi la tatu ambalo nalipa heshima kuliko yote mawili. Wapo ndugu zetu ambao ulemavu wao umegusa pia akili, kiasi kwamba hawawezi kutoa agizo lolote, hata kwa macho. Je, nikisema heshima iko katika kuamua, nimewaweka wapi? Hapa lazima niwe mwangalifu. Boethius alimfafanua mtu kuwa nafsi moja kamili yenye asili ya akili. Alisema asili, hakusema matumizi. Mtoto mchanga, mgonjwa aliyepoteza fahamu na ndugu asiyeweza kujieleza, wote ni watu kamili, na heshima yao haipimwi kwa mpira walioutupa. Kwa hiyo bocha haimpi mtu utu. Inatukumbusha tu kwamba tusimnyang'anye uamuzi yule anayeweza kuamua, eti kwa sababu mwili wake unatuchelewesha. Na ukweli ni kwamba wanaoweza kuamua ni wengi kuliko tunavyodhani. Tatizo ni kwamba hatuna subira ya kusubiri jibu.

Turudi kwa Bwana wetu. Bartimayo alipomlilia njiani Yeriko, kila mtu aliona kwamba ni kipofu. Jibu lilikuwa wazi kabisa. Hata hivyo Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini. Kwa miaka mingi nilidhani swali lile ni la kumjaribu imani. Sasa naona pia lilikuwa heshima. Aliyezijua siri za mioyo alikubali kusubiri mtu aseme mwenyewe. Kama Yeye hakusogeza bomba bila kuagizwa, mimi ni nani?

Kwa hiyo nina mapendekezo machache, ya kufanyika na si ya kupongezwa. Kwanza, kila parokia na kigango, kabla ya kupanga lolote la tarehe 3 Desemba, kiwaite wenye ulemavu wenyewe, kiwaulize wanataka nini, na kiwape muda wa kujibu. Fungu lililotengwa kwa ajili yao walipange wao. Pili, tuangalie ngazi zetu. Makanisa mengi yana mteremko mlangoni lakini mimbari ya masomo iko juu ya ngazi tatu, maana yake tumekubali mwenye kitimwendo aje kusikiliza, asije kusoma. Tatu, kumbi za parokia zenye sakafu laini ziko tupu siku nyingi za juma. Bomba la plastiki, chaki, vitambaa na mchanga havishindi bajeti ya kigango chochote. Walimu wa michezo na wazazi wakianza, mashindano ya dekania yanaweza kufuata, na siku moja mmoja wa vijana wa nyanda za kati atasimama mbele ya waamuzi wa kimataifa. Nasema atasimama, ingawa atakuwa ameketi. Kiswahili chetu kitanisamehe.

La nne linatuhusu sisi waseminari. Katika ratiba zetu tuna michezo karibu kila siku, na katika utume wetu tuna nyumba za watoto na wazee. Tuviunganishe. Kila frateri akae walau mara moja kwenye kiti cha msaidizi, auangalie uso wa mtu mmoja kwa saa nzima, asijue nani anaongoza, na asiguse kitu mpaka aagizwe. Ni zoezi gumu kuliko nilivyodhani. Wengi wetu tutakuwa mapadre, Mungu akipenda, na watu watatuletea maisha yao tuwashauri. Wakati huo hapatakuwa na Sista wa kutukumbusha sharti, na vidole vyetu vitawasha kusogeza.

Wiki mbili baada ya tukio lile nilikwenda kumwomba kijana radhi. Mama yake alikuwa amekwisha kurudi kijijini, hivyo ilinibidi nisikilize mwenyewe, polepole, na kumwomba arudie. Alirudia mara nne. Hakuzungumzia msamaha. Alisema kwamba mpira mweupe umepasuka mshono na unamwaga mchanga, haubingiriki sawa, na kwamba nikirudi Desemba nilete mwingine. Nimeshanunua kitambaa cheupe. Naomba kwa unyenyekevu, kati yenu wasomaji, fundi anayejua kushona tufe la duara aniambie.